Dume Jeusi kwa Tundu Moja

Sabuni ndiyo iliyoanzisha maneno yote. Mwaka ule wa themanini na tatu, wenye umri wanakumbuka, dukani hakuna, mnadani hakuna, na ukimwona mtu na mche mzima unamuuliza ana ndugu gani mjini. Pale kwenye shamba la ngano la serikali, katika uwanda wa Hanang, kila mfanyakazi alikatiwa kipande Jumamosi saa kumi jioni, dirishani pa stoo ya vipuri. Mkataji alikuwa Hermani, mtunza stoo. Sasa wewe niambie, umekula vumbi la makapi wiki nzima, shingo inawasha, nywele zimekuwa kama ufagio, halafu unapewa sabuni. Unakwenda wapi? Unakwenda kuoga. Na bafu la wanawake lilikuwa limeegemezwa kwenye stoo ile ile, ukuta mmoja wa bati, kwa sababu aliyejenga alitaka kuokoa mabati manne. Hermani alijua nani amechukua sabuni na alijua ataitumia saa ngapi. Mtu mzima, ana ndevu, ana funguo kiunoni, kumbe kazi yake ya Jumamosi ilikuwa hiyo.

Aliyegundua ni Perpetua, karani wa mizani. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, Mmbulu wa Maretadu, kidato cha nne amemaliza, hajaolewa, na mama yake kule nyumbani alikuwa anategemea kazi hiyo kwa unga na kwa dawa ya kifua. Malori yote ya ngano yalipita mbele yake. Dereva akisema tani saba na mizani ikisema sita na nusu, Perpetua aliandika sita na nusu, na kelele za dereva hazikumsumbua. Hakuwa mtu wa kutishika.

Jumamosi hiyo alikuwa wa mwisho kuingia bafuni. Kipande cha sabuni kikamponyoka. Alipoinama kukitafuta kwenye mabua ya ngano, maana chini walikuwa wametandaza mabua ili wasikanyage tope, akaona doa la mwanga ukutani, dogo kama punje ya mahindi. Upande wa pili ndiyo stoo, na stoo ilikuwa na taa. Akalitazama. Doa likazimika. Akangoja. Doa likawaka, likazimika tena. Taa haizimiki hivyo, kinachoziba ni mtu.

Perpetua hakupiga kelele. Aliokota bua moja gumu, akalisogeza taratibu, akalisukuma tunduni kwa nguvu zake zote. Upande wa pili mwanaume akasema "Aa!" na makopo ya grisi yakaanguka.

Alivaa nguo juu ya povu, hakujimwagia hata maji. Alipofika mlangoni pa stoo, Hermani alikuwa ameketi mezani na daftari, jicho la kushoto linachuruzika machozi, akamuuliza kwa upole kabisa kama amekuja kuongezwa sabuni. Perpetua alipita nyuma yake hadi kwenye rafu ya mikanda ya kombaini, zile mashine za kuvunia. Mkanda mmoja ulikuwa umesogezwa, na nyuma yake palikuwa na tundu lililotobolewa kwa drili, safi, kingo zimepigwa tupa ili zisimkwaruze mtu shavu. Hizo kingo ndizo alizozipapasa kwa kidole. Mtu alikaa akazipiga tupa kwa utulivu kama anatengeneza kitanda cha mtoto wake.

Asubuhi ya Jumatatu alikwenda kwa meneja. Alikwenda na Benedikta wa jikoni, ambaye siku nyingi alikuwa amehisi kitu lakini alidhani ni panya. Meneja aliwasikiliza huku anatia saini karatasi nyingine. Alipomaliza alivua miwani, akacheka kidogo, cheko la mtu anayetaka mambo yaishe kabla ya chai.

"Perpetua, mwanangu," alisema, "macho hayana pazia."

"Ndiyo maana bafu likawekewa ukuta, ndugu meneja."

Cheko likaisha. Meneja akasema sawa, atashughulikia. Na kweli alishughulikia. Saa sita mchana fundi wa kuchomelea alifika na mtungi wake, akaziba tundu, akapiga na rangi ya kijivu juu. Kazi nzuri, hata ukipapasa tundu hulipati. Perpetua aliporudi kutoka mizani na kukuta ule ukuta umekuwa laini, aliupiga kofi. Ushahidi wake wote ulikuwa umechomelewa, na meneja alitegemea ashukuriwe.

Hakuna aliyeshukuru. Siku ya tatu Hermani naye akaandika barua, kurasa mbili, kwamba karani wa mizani amemvunjia heshima mbele ya wafanyakazi, kwamba yeye ni mtu wa kanisa, ana mke na watoto kijijini Tumati, na kwamba jicho lake limeumia kwa vumbi la ngano akiwa kazini. Meneja akamwita Perpetua na kumpa sharti. Tuhuma ni nzito, alisema, hawezi kuziacha zikielea kambini. Mpaka lori la mwisho la mavuno litakapopimwa, Perpetua awe ameleta karatasi ya mahakama inayosema Hermani ana hatia. Asipoileta, ataandika barua ya kumwomba radhi, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na kazi ya mizani atafute pengine. Yaani mwenye kuchunguliwa ndiye apige magoti. Haya, dunia ndiyo hiyo.

Na mizani ilikuwa yake mwenyewe. Kila lori lililopanda pale juu lilimpunguzia siku, na yeye ndiye aliyekuwa analiandika.

Alipanda lori la ngano hadi mjini, kituo cha polisi. Kituo kilikuwa chumba kimoja na benchi, na mwenye zamu alikuwa Koplo Abdulrahmani, mtu mnene, mstaarabu, mwenye kalamu mbili mfukoni ambazo zote hazikuandika vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari la malalamiko, akashika kalamu, akauliza kosa ni lipi.

Perpetua akasema kuchungulia.

Koplo akasema kuchungulia si kosa analolijua. Amekuibia? Hapana. Amekugusa? Hapana. Amevunja mlango, amekutishia, amekutukana? Hapana, hapana, hapana. Koplo akaweka kalamu chini kwa huruma ya kweli. Akasema binti, yeye mwenyewe ana mabinti watatu, anaelewa, lakini daftari lina safu ya kosa, na safu hiyo haiwezi kubaki tupu. Arudi nyumbani, wazungumze kama watu wa kambi moja.

Perpetua alirudi na lori tupu, amekaa juu ya magunia matupu, meno yameumana. Kitu kimoja kilimkaa kichwani njia nzima. Kama sheria inalijua kosa la mtu anayekuchukulia jembe lako, inawezaje kutolijua kosa la mtu anayekuchukulia kitu ambacho huwezi hata kwenda kukidai? Jembe utarudishiwa. Kile alichokiona Hermani Jumamosi zote zile atakirudisha vipi?

Wiki iliyofuata alikwenda tena. "Shikamoo afande," alisema, na kabla koplo hajamaliza marahaba yake, akaomba aonyeshwe kitabu cha sheria. Koplo akashangaa. Kitabu kipo, alisema, lakini ni cha Kiingereza, na ni kinene. Perpetua akasema anajua Kiingereza kidogo, na ana siku nzima. Koplo akakitoa kabatini, akakipangusa vumbi kwa kofia yake. Kanuni ya Adhabu, jalada limeliwa na mende.

Alikaa kwenye benchi lile siku mbili, na katikati alilala kwa Bi Rukia, mama mwenye mgahawa karibu na soko, ambaye aliposikia habari yenyewe alikataa kupokea malipo ya chai. Mficha uchi hazai, Bi Rukia alimwambia, sema mwanangu, sema mpaka wachoke wao. Perpetua akasoma. Akasoma wizi wa mifugo, akasoma uchomaji wa nyumba, akasoma kuharibu daraja na kughushi sarafu, Mungu wangu, hata mtu anayechafua kisima ana kifungu chake. Koplo naye mwishoni aliingiwa na moyo, akaleta kiti akakaa kando yake, wakawa wanatafuta maneno magumu pamoja kwenye kamusi ya mtoto wake wa shule.

Siku ya pili, saa nane mchana, wakakipata. Kilikuwa kwenye fungu la makosa dhidi ya maadili, kimejibanza chini ya makosa makubwa, kifungu kidogo cha tatu ambacho macho yangeweza kukiruka. Kilisema mtu yeyote ambaye, kwa nia ya kumvunjia mwanamke staha yake, atatamka neno, au ataonyesha ishara, au ataingilia faragha ya mwanamke huyo, ametenda kosa, na anaweza kufungwa mwaka mmoja.

Perpetua alikisoma mara tatu. Kumbe neno lake lilikuwepo siku zote, limeandikwa, limefungiwa kabatini na mende.

Koplo akaliandika kwenye safu ya kosa kwa kalamu iliyokuwa inaandika vizuri kidogo. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu, akamwambia mabaya yake. Kifungu kinataka mambo mawili. Kwanza, athibitishe kwamba ni Hermani na si mtu mwingine. Pili, athibitishe nia, kwamba alisimama pale makusudi, si kwamba alikuwa anatafuta mkanda wa kombaini. Tundu liko wapi?

Limezibwa.

Jicho je, lile lililochomwa na bua?

Koplo alikwenda mwenyewe shambani siku ya Ijumaa kwa baiskeli. Akamkuta Hermani ana jicho jekundu, naam. Akawakuta na madereva wanne wana macho mekundu, mafundi wana macho mekundu, mlinzi wa lango ana macho mekundu, na meneja mwenyewe anajipangusa kwa leso. Mavuno yalikuwa yamepamba moto. Vumbi la ngano halichagui.

Akamhoji Benedikta. Benedikta aliangalia chini, akasema yeye alidhani ni panya, na mpaka sasa anadhani ni panya. Mume wake alikuwa kibarua wa Hermani stoo. Perpetua hakumlaumu, lakini usiku ule hakuongea naye, na hata kesho yake hakuongea naye. Hasira ilikuwa imemjaa.

Koplo alilipeleka jalada mahakamani hivyo hivyo, na shahidi aliyebaki ni Mama Gidamis. Huyu alikuwa mwanamke wa Kibarabaigi, wale wafugaji wa uwanda ule, mzee wa heshima, mwenye bangili za shaba mpaka kwenye viwiko, aliyekuwa analeta maziwa kambini kila Jumamosi pamoja na mke wa mwanawe. Perpetua ndiye aliyewaruhusu waoge pale kabla ya kurudi maana njia yao ilikuwa ndefu. Mkwe wa Mama Gidamis naye alikuwa ameoga Jumamosi zile. Kwa hiyo naye alikuwa ameonwa, na siku Perpetua alipomweleza hivyo, mzee alisimamisha kibuyu hewani, hakumimina tone.

Perpetua akamsihi aje mahakamani, yeye na mkwe wake, waseme walikuwa wanaoga pale.

"Mahakama," alisema Mama Gidamis, polepole kama mtu anayelikumbuka jina la jirani mbaya. "Wazee wetu walikwenda kwa mambo ya malisho. Malisho hayo ndiyo haya leo unayaona ngano. Mpaka leo wanaambiwa rudi kesho. Mimi siendi. Sisi wanawake tuna yetu."

Yao ni hii. Kwa Wabarabaigi, mwanaume akiwakosea wanawake katika mambo ya wanawake, hahukumiwi na wanaume wenzake. Wanawake watu wazima wanakutana wenyewe, wanaketi na fimbo zao, na wanaume wanapita mbali. Wakimwona na kosa, wanamtoza dume jeusi la ng'ombe. Akikataa, wanamlaani, na mwenye ng'ombe anaogopa laana hiyo kuliko simba. Hermani hakuwa Mbarabaigi. Lakini Hermani, kama watu wengi wa shamba wenye mishahara, alikuwa na ng'ombe, watano, na wote walikuwa wanachungwa kwa rafiki yake Gidahosh, ng'ambo ya uzio wa ngano. Wanawake hawakuhangaika na Hermani. Walituma neno kwa Gidahosh: huyo mtu wa ng'ombe watano, atoe mmoja mweusi, au hao wengine wasinywe maji kwako.

Hermani alikwenda siku hiyo hiyo. Kwa meneja alikuwa ameandika kurasa mbili, kwa polisi alikuwa amekaza shingo, lakini kwa wanawake wale wa bangili alikwenda kwa miguu, bila kofia. Dume likachinjwa. Wanawake wakala.

Jumamosi Mama Gidamis alikuja na maziwa, na juu ya maziwa alikuja na mguu wa nyama uliofungwa kwenye majani, fungu la Perpetua. Na kipande cha ngozi mbichi ya dume lile, kimetobolewa katikati ili kiingie kidoleni, kama wanavyovaa wote wenye sehemu katika shughuli hiyo. Perpetua alivitazama vitu vile, na badala ya kupokea, machozi ya hasira yakamtoka. Akasema mama, mmenimaliza. Kesi inatajwa wiki ijayo. Nikila hii nyama watasema yamekwisha, mmepatana, kila mtu aende kwake. Meneja atanibandika kwenye ubao. Hamngeweza kungoja?

Mama Gidamis akayarudisha majani juu ya nyama. Alifunga nyama yake, akachukua kile kipande cha ngozi, akaondoka. Maziwa aliyaacha, lakini siku hiyo hakuaga, na mtu wa heshima kama yule kutokuaga ni neno zito.

Basi, kama Perpetua alivyosema, ndivyo ilivyokuwa. Kambi nzima ilianza kuimba wimbo mmoja. Mwenzako amelipa, unataka nini tena? Hermani mwenyewe alitunisha kifua upya. Alipita mbele ya mizani na funguo zake zinalia, akamwambia dereva kwa sauti ili karani asikie, kwamba mtu hahukumiwi mara mbili kwa jambo moja, na hilo hata mtoto wa darasa la nne anajua. Malori yalikuwa yamebaki machache. Mashamba ya upande wa mashariki yalikuwa yamebaki makapi tu, na kombaini mbili zilikwisha kuoshwa.

Siku ya kesi mahakama ilikuwa na watu wengi kuliko viti. Hakimu alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua, kila baada ya maneno matatu anapenga. Perpetua alisimama akasema yote, doa la mwanga, bua, sauti, mikanda, kingo zilizopigwa tupa. Alipofika kwenye povu, kwamba alivaa nguo juu ya povu, mtu wa nyuma akacheka. Hakimu akamtoa nje yule aliyecheka. Koplo Abdulrahmani akasema alichokuta, na alichokuta ni rangi ya kijivu. Benedikta aliitwa, hakuonekana. Mwendesha mashtaka akafunga jalada lake kwa namna ya mtu anayefunga duka lisilo na bidhaa.

Perpetua alijua imekwisha. Aliangalia mikono yake akaanza kuitunga kichwani ile barua ya radhi, mstari wa kwanza, na hata mstari wa kwanza ulikataa kuja.

Hakimu akamuuliza Hermani kama ana la kusema, au atanyamaza, ni haki yake. Angenyamaza, jamani. Angenyamaza tu angetoka pale anapiga mluzi. Lakini alikuwa amejiandaa kwa wiki nzima, amewaambia watu wote, na shahidi wake ameketi nje na fimbo. Mtu akishaandaa hotuba ni vigumu kuimeza.

Akasimama, akasema kwa heshima zote kwamba jambo hili limekwisha zamani, kwamba yeye amekwisha kutozwa dume na wanawake wa Kibarabaigi, dume kubwa, jeusi, na ana shahidi, na anaiomba mahakama isimhukumu mtu mara mbili.

Hakimu akaacha leso. Perpetua akafumba macho, maana hayo ndiyo aliyoyaogopa.

"Ulitozwa dume kwa kosa gani?" hakimu aliuliza.

Hermani akasema ni desturi zao, mheshimiwa, wale watu wana desturi zao.

"Sijauliza desturi. Nimeuliza kosa."

Hermani akasema labda shahidi wake ataeleza vizuri zaidi. Akaitwa Gidahosh, mtu mrefu, mkavu, shuka jeusi begani. Akaapishwa. Hakimu akamuuliza kama ni kweli rafiki yake alilipa dume. Gidahosh akasema kweli, yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga kamba. Hakimu akauliza lililipiwa nini.

Gidahosh alimtazama hakimu kwa mshangao, kana kwamba mtu mwenye kiti kile angepaswa kujua.

"Aliwachungulia wanawake wakioga," alisema. "Alisema mwenyewe. Kwetu dume halipokelewi mpaka mwenye kosa alitaje kwa mdomo wake mbele ya wanawake. Alisema alitoboa bati kwa drili. Alisema Jumamosi sita. Mimi nilikuwa mkalimani."

Hata mafua ya hakimu yalisimama. Hermani akamgeukia Gidahosh. Koplo Abdulrahmani, kule pembeni, alikuwa anaandika, na kalamu ikamwishia wino, akachukua ya pili.

Mwendesha mashtaka akainuka kama mtu aliyeletewa bidhaa. Nia ipo, mtu yupo, na tundu limerudi kutoka kwenye rangi ya kijivu. Hakimu hakuchukua hata saa moja. Wanawake wa Kibarabaigi si mahakama ya nchi, alisema, kwa hiyo mshtakiwa hajawahi kuhukumiwa, na alichokifanya kule ni kukiri. Ana hatia chini ya kifungu kile, neno kwa neno.

Perpetua alisikia neno hatia likiingia mwilini kama maji ya moto siku ya baridi. Ila halikukaa. Hakimu alipenga kamasi akaendelea. Kwa kuwa mshtakiwa hana kosa la zamani, kwa kuwa ana familia, na kwa kuwa ameshapoteza dume, mahakama inamwachia kwa masharti, asitende kosa lolote kwa miezi kumi na miwili. Gonga rungu, kesi nyingine. Ni mtu wa kuku sasa, aliyeiba kuku wawili, na Perpetua akiwa bado mlangoni alimsikia akipewa miezi minne.

Karatasi aliipata, na muhuri wake. Alirudi nayo shambani siku mbili kabla ya lori la mwisho. Meneja akaisoma, akasema hongera, kazi yako iko pale pale, hakuna barua itakayobandikwa. Akaongeza kwamba, ili kuleta amani kambini, Hermani anahamishwa. Anakwenda shamba la pili, lile la upande wa ziwa. Perpetua akauliza anakwenda kama nani.

Mtunza stoo, alisema meneja.

Perpetua akauliza wanawake wa kule wanaogea wapi. Meneja akavua miwani, akasema Perpetua, umeshinda, unataka nini tena? Na hapo ndipo Perpetua alipoona kwamba hata angepata karatasi mia zenye mihuri, huyu mtu angemuuliza swali hilo hilo kila mara. Alitoka akaufunga mlango kwa nguvu mpaka kalenda ikaanguka ukutani. Alikwenda akalipima lori la mwisho, tani saba kamili, na kwa hasira aliiandika ile saba ikaonekana kama moja, ikabidi aiandike upya.

Jumamosi alimngoja Mama Gidamis njiani, mbali na lango. Mzee alipofika, Perpetua alipiga goti kidogo, akasema shikamoo mama, na akamwomba msamaha kwa ile nyama. Alisema alikuwa hajui. Alisema dume lile ndilo lililosema mahakamani, yeye na kitabu chake walikuwa wameshashindwa. Kisha akauliza, kwa aibu, kama kile kipande cha ngozi bado kipo.

Mama Gidamis akasema kipo, lakini kimekauka. Ngozi inavaliwa mbichi, ikikauka inakata kidole. Perpetua akakubali kwa kichwa. Alistahili hilo.

Akamweleza mengine, masharti ya miezi kumi na miwili, uhamisho, stoo ya kule, bafu la kule. Alieleza mpaka akaanza kulia tena, na alikuwa amechoka kulia. Mzee alisikiliza huku anafuta mdomo wa kibuyu kwa kidole. Aliuliza jambo moja tu, ng'ombe wa yule mtu nao wamehamishwa? Perpetua akasema hapana, wako kwa Gidahosh vile vile, kule ziwani hana mtu wa kumchungia.

Mama Gidamis akamimina maziwa, akajaza kikombe mpaka ukingoni, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Kule maziwa anapeleka dada yangu. Na yule mtu bado ana ng'ombe wanne."